Mzee Takwimu Sasa Anastaafu Kweli

Leo, siku ya mwisho ya muhula, Idara ya Uchumi inamuaga profesa wetu mkongwe baada ya miaka thelathini na minane ya utumishi. Kisheria alistaafu miaka minane iliyopita. Hata wakati ule tulimuaga, tukala keki, na Jumatatu yake tukamkuta ofisini akichemsha chai.

Wanafunzi wa shahada za juu walimbatiza Mzee Takwimu, na jina likamkaa. Darasani hakuwa na mpinzani. Aliwahi kuficha boksi la chaki ili afundishe maana ya uhaba, na somo likaeleweka mno, kwani alisahau alikolificha na ubao ukabaki mtupu kwa wiki kadhaa. Alipenda kutuambia kwamba ukiona jambo haliishi, tazama nani anafaidika lisipoisha.

Kwenye usimamizi wa tasnifu alikuwa na utaratibu wake. Kazi ya mwanafunzi ilitulia mezani kwake mpaka bei zilizokusanywa zichakae, kisha ikarudishwa kwa maelezo kwamba takwimu zimepitwa na wakati. Mwanafunzi wake wa mwisho wa uzamivu, dada mmoja ambaye ni mhadhiri msaidizi hapa kwetu, alirudi sokoni kuuliza bei ya nyanya mara nyingi hata wauzaji wakadhani ni mtu wa kodi. Mama yake alimshonea gauni la mahafali, likambana, akashona jingine. Dada akilalamika, Profesa alimjibu kwa upole kwamba haraka haraka haina baraka.

Ikumbukwe kuwa kanuni za chuo zinamruhusu mstaafu kuongezewa mkataba maadamu ana mwanafunzi ambaye hajamaliza. Hatusemi kitu. Sisi tulisoma uchumi kwake, basi.

Mwaka huu maji yalimfika dada yule shingoni. Aliambiwa kwamba bila uzamivu ajira yake ingekwisha muhula huu, na ana watoto wawili na huyo mama wa kuwatunza. Alilia kwenye chumba cha walimu, akanawa uso, akabadilisha mada. Tasnifu mpya ilipima muda ambao wasimamizi hukaa na kazi za wanafunzi, na takwimu alikuwa nazo tayari, za miaka yote.

Mzee Takwimu akaipokea, akaiweka mezani kama kawaida yake. Siku chache baadaye ndipo alipoifungua na kung'amua kwamba kila siku ambayo tasnifu ililala pale iliongeza takwimu, tena mbichi, tena zake mwenyewe. Wiki haikuisha kabla hajaisaini. Jopo la watahini likaipitisha, wala hakuna aliyeuliza sampuli ilipatikana wapi.

Tulifurahi kupita kiasi, na tumpe Profesa haki yake: siku ya utetezi alipiga makofi kuliko sote. Tunamshukuru kwa yote aliyotufundisha, hasa lile somo la nani anafaidika.

Nenda salama, Profesa wetu, ukapumzike kwa afya na furaha. Daktari mpya anaomba ufunguo wa ofisi.