Msiirithi Nafasi Yangu

Jambo la mwisho la kawaida kutokea katika nyumba hii, wanangu, lilikuwa mimi kumtwika mama yenu beseni lake la sambaza, visamaki vyake vya ziwani. Ilikuwa Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na nilifanya kama nilivyofanya kila siku: niliinama, nikashika ukingo mmoja, Julienne akashika mwingine, tukahesabu mbili, beseni likapanda kichwani. Akasema, "Papa Bagalwa, chumvi imeisha. Na ukimaliza kusaini, usibakie kule na politike yenu." Nikamwambia sisi hatuna politike, tuna listi tu. Akachekea puani, akatoka. Saa nne alianguka karibu na soko la Majengo, wanawake wenzake wakamleta juu ya chukudu ya mbao ya kubebea mizigo, na kufikia saa tisa mchana alikuwa amekufa.

Hayo mnayajua. Nayarudia kwa sababu anayetoa wosia aanze pale ambapo mambo yalikuwa bado mazima, ndipo aoneshe yalipovunjika. Sikilizeni basi, Bagalwa na wewe Nsimire, na msinikatize, kwa maana daktari amesema figo zangu zimechoka, na pumzi niliyo nayo naipima kama wengine wanavyopima unga.

Parseli hii, kiwanja hiki cha Majengo, na nyumba yake ya mbao ni ya Nsimire. Bagalwa, usinune, tangu mama yenu afe, anayetulisha ni dada yako, na mkono mtupu haulambwi, hata kama ni mkono wa kifungua mimba. Hati ziko katika kopo la maziwa chini ya kitanda. Ndugu zangu wa Bukavu watakuja kusema kwamba kwetu mwanamke harithi ardhi. Waonesheni karatasi niliyoandika, wapeni chai kama ipo, wasindikizeni. Vitabu vyangu vya uchumi nilivyotoka navyo chuoni Kisangani, Nsimire avichane, afungie sambaza. Nasema hivyo bila uchungu. Karatasi yake ni nzuri.

Sasa nafika kwenye kile ambacho Bagalwa anadhani ndiyo mali yake.

Mnajua nilikuwa karani wa takwimu za mazao katika ofisi ya serikali. Januari ya mwaka 2002 moto wa mlima Nyiragongo uliposhuka katikati ya mji, ofisi yetu ilifunikwa yote, paa pia. Siku ya sita tulirudi. Hatukuona ofisi, tuliona jiwe jeusi lenye joto, viatu vilinuka mpira ulioungua. Mkuu wetu akaja na daftari kwapani. Akasema asiyetia sahihi siku tatu mfululizo ataandikwa kwamba amekimbia kazi na namba yake ya kazi itapewa mwingine. Basi nilihesabu hatua kutoka ukuta wa jirani uliobaki umesimama, nikaonesha mahali mlango wetu ulipokuwa, na watu kumi na wanane wenye diploma wakapanga mstari juu ya lile jiwe, wakatia sahihi kwamba wamefika kazini. Tulifanya hivyo miezi mitano, hadi tulipopewa ofisi nyingine. Hakuna aliyecheka. Mimi nilijivunia kwamba mlango niliupata sawasawa.

Mmoja tu alitoka mstarini, Hitimana, mtu wa Rutshuru, rafiki yangu tuliyekaa meza moja miaka kumi na miwili. Siku ya tatu ya kusaini juu ya jiwe alikuja na nyundo. Akaniambia, "Baharanyi, ile majiwe uko unasimamia juu yake, miye nitaipasula niiuzishe. Watu watajenga tena. Kuja tupasule." Nikamjibu mbele ya wote kwamba mwenye digrii anayepasua mawe aliinunua hiyo digrii sokoni. Akaniangalia sana, akasema, "Sawa, muzee. Linda mulango yako." Tangu siku hiyo hatukusalimiana. Mkinizika, nendeni kwake Ndosho mkamwambie kwamba nilimtukana kwa sababu nilitamani kumfuata na nikaona haya.

Lakini msidanganyike kwamba aliyepasua mawe aliokoka. Alijenga nyumba kule Kanyaruchinya, vita ikaibomoa, leo analala sebuleni kwa mkwewe. Sikuwaita hapa kuwaonesha njia ambayo mimi sikuipita. Nimeitafuta miaka hii yote, sikuiona. Nasema tu kwamba yeye alipokuwa na nguvu aliinua nyundo, mimi nilipokuwa na nguvu niliinua kalamu mara moja kwa siku.

Mshahara ulikuja, ukakatika, ukaja nusu, ukakatika kabisa. Waasi waliingia mwaka 2012, tukatia sahihi. Mwaka 2021 mlima ulipopasuka tena na mji ukaambiwa uhame, tulikuwa njiani kuelekea Sake, mama yenu na beseni lake, Nsimire na godoro. Tulipofika Lac Vert nikakumbuka kwamba ilikuwa siku ya tatu bila sahihi yangu. Nikageuka. Julienne hakupiga kelele. Alisema, "Enda, muzee, volkano isije ikakuta listi iko wazi," watu waliokuwa karibu wakacheka, na mimi nikarudi peke yangu katika mji usio na watu, nikamkuta mkuu naye yupo, anangoja. Mwaka huu wenye bunduki wapya walipoufunga mlango wa ofisi kwa mnyororo na benki zote zikafungwa, tulihamia ukuta wa ng'ambo ya barabara. Listi ipo hadi leo.

Bagalwa, mwanangu, inua uso. Ulipomaliza chuo nilikuambia, "Usihangaike, nafasi yangu ni yako." Ndiyo desturi yetu, karani akifa mtoto anaingia kwa namba yake, na niliona kwamba nimekuwekea kitu ambacho lava haifuniki. Ulipopata kazi ya kuendesha pikipiki, nilikuambia mtoto wa karani haendeshi pikipiki. Hitimana alipotuma ujumbe kwamba anahitaji mtu wa kusimamia matofali yake, niliuficha. Ndiyo, ulikuja ujumbe. Uwamariya, mchumba wako, alikungoja miaka minne, kisha akaolewa na mwingine. Nimeona unavyolala mchana ukigeukia ukuta. Nimeona ndevu zako. Una miaka thelathini na minne na hatua zako zimekuwa za mzee, na ugonjwa huo hauna jina katika kadi ya hospitali, lakini mimi nalijua, kwa sababu ni mimi niliyekuambukiza. Wazee walisema subira huvuta heri. Wazee hao hao walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mimi nilishika la kwanza, nikawaachia ninyi la pili.

Kwa hiyo hii ndiyo amri. Nikifa, watakuja na faili ili utie sahihi uingie mahali pangu. Usitie. Watasema mshahara unakaribia, watakuonesha barua. Barua hiyo naijua, niliwahi kuisoma mwaka 2003. Usipotia sahihi sitakudanganya kwamba kuna kitu kingine kinachokungoja. Sijui kazi iko wapi katika mji huu. Lakini afadhali ukose kitu kwa macho yako kuliko kukosa kwa macho yangu.

Nipeni maji. Kidogo.

Mnizike bila koti langu la ofisini. Msalabani andikeni jina, si cheo. Nsimire, ukichoka kubeba, sema umechoka. Mama yenu hakusema. Mungu awalinde ninyi wawili kwa mkate mliogawana, awape usingizi siku mtakazokosa, na asiruhusu mmoja wenu amwonee mwingine haya. Nimewabariki. Mkono hauinuki, lakini nimewabariki.

Limebaki moja.

Siku ya pili ya msiba, mama yenu akiwa bado amelazwa pale chumbani, na shuka lile la maua. Jumatano. Nilitoka saa kumi na mbili na nusu. Nilikuambia, Nsimire, naenda kwa fundi wa sanduku. Nilienda kwake, ni kweli. Lakini baadaye.

Nilipita kwanza ukutani. Mwenye msiba hupewa ruhusa, lakini jina lake hutolewa kwenye listi mpaka arudi. Na kulikuwa na watu wanaongoja. Niliogopa... niliogopa kuipoteza nafasi ya Bagalwa.

Kwa hiyo sikusema. Mkuu akanisalimia kama kila siku. "Muzee Baharanyi. Mama ya watoto iko muzima?"

Nikasema, "Iko."

Nikachukua kalamu, nikatia sahihi mbele ya namba kumi na moja.