Ephrasia na Ndege wa Bwawa la Mgodi

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Ephrasia Kahigi, mtoto wa Kishanda, Muleba. Homa ya mapafu ndiyo iliyomchukua. Jumamosi alizikwa kwenye kibanja cha baba yake. Lakini kilichomsumbua miaka yake ya mwisho hakikuwa mapafu. Ni ndege.

Ephrasia alisoma Kamachumu, akapata diploma ya maabara, akaajiriwa kwenye mgodi wa dhahabu mbali na Kagera, kwenye nchi ya miiba na vumbi. Alipima maji ya mabwawa mawili ya majitaka. Tunarudia: majitaka yenye sayanaidi, sumu inayotumika kutenga dhahabu. Kiangazi huko hakuna mto wala dimbwi. Ndege akiona bwawa linang'aa, anashuka. Akinywa, hafiki mbali.

Asubuhi Ephrasia aliwakuta ukingoni. Tetere, bata maji, hata korongo. Akaomba mabwawa yafunikwe kwa wavu. Msimamizi akasema jambo hilo litaangaliwa mwakani.

Basi akafanya kama mtu wa kwetu. Huku Kagera mvua haikatiki. Ndege akikosa maji hapa, anakunywa pale. Ephrasia akapanga makarai ya maji safi kando ya bwawa, ili ndege wanywe hayo, waliache lile. Zahoro, dereva wa mgodi, mzaliwa wa Bukoba mjini, akamtania.

"Dada, umefungua hoteli. Wageni wakizidi vitanda, utawalaza wapi?"

Ephrasia alicheka. Wageni wakaja. Nchi kavu maji hayajifichi. Ndege walitoka hata kule ambako hawakuwa wakitoka, makundi kwa makundi, wakagombania makarai. Makarai yakakauka. Waliobaki na kiu wakashuka bwawani, hapo hapo pembeni.

Asubuhi iliyofuata ukingo wote ulijaa manyoya. Zahoro anasema hakumtania tena. Walizoa mizoga kwa koleo.

Ephrasia aliyaondoa makarai. Kisha akagoma kusaini majibu ya vipimo mpaka wavu uwekwe. Bwawa moja likafunikwa. Moja tu. Mkataba wake ulipoisha, haukuongezwa.

Akarudi Kishanda. Mdogo wake, Hellen, anasema ndoo ikiachwa wazi uani, Ephrasia alikuwa anaifunika. Mvua ikijaza beseni, alikuwa anaacha chakula mezani, anakwenda kulimwaga. Majirani wakasema mgodi umemharibu akili.

"Nilimwambia, waitu, dada yetu, hii ni mvua, ni maji safi, waache ndege wanywe," anasema Hellen. "Akanijibu, 'Hata yangu yalikuwa safi.'"

Tunampa pole Hellen, ukoo wote wa Kahigi na usharika wake wa Kishanda. Mungu awape nguvu.

Nanyi wenye viwanda, wenye mashine za kukoboa kahawa, nanyi mnaoosha magari mtoni, jiulizeni leo: maji yenu machafu yanaishia wapi? Na ni nani atakayeyanywa kwa sababu hana mengine?

Jana Zahoro alitupigia simu kutoka mgodini kutoa rambirambi. Tukamuuliza habari za bwawa la pili. Alisema liko wazi. Alisema kiangazi kimeanza, na tetere wa kwanza wameshaanza kuzunguka juu yake.