Bi Mnara, Aliyewajua Manahodha kwa Sauti

Marehemu dada yetu, ambaye mabaharia walimwita Bi Mnara, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, kifungua mimba wa fundi saa na mshona nguo. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1972 na sekondari ya wasichana mwaka 1976. Hesabu zilimkaa kichwani hata mwalimu akamwomba anyamaze, wenzake nao wajaribu.

Mwaka 1979 aliajiriwa bandarini, kwenye mnara wa kuongozea meli. Miaka thelathini na minne aliketi na rada mbele yake na redio mkononi, akiwaelekeza manahodha wapite wapi, na wapi wamngoje rubani wa kuwaingiza gatini. Sauti yake waliijua. Sura, wachache mno.

Asubuhi ya tarehe 9 Julai 1996, katika ukungu mzito, meli ya mafuta iliharibikiwa usukani kwenye lango la bandari. Kivuko chenye abiria mia tatu kilikuwa kinaielekea. Akakiamuru kisimame.

"Mama, nimeshachelewa," nahodha alilalamika.

"Kawia ufike. Simama hapo hapo!"

Alisimama. Meli ile ikapita mita sitini mbele yake. Abiria walishuka wakinung'unikia kuchelewa. Dada aliwatazama kutoka juu, akamalizia chai yake iliyokwisha kupoa.

Alifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1984 na afisa wa meli za mizigo, aliyekuwa nyumbani wiki sita tu kwa mwaka. Meli yake ilipopita, waliongea redioni kama watu baki, maana bandari nzima ilisikia. Siku moja mumewe aliuliza, "Mnara, huko hali ikoje?"

"Kumetulia," alijibu. "Kumetulia mno."

Mumewe alifariki ugenini mwaka 2004, akazikwa huko huko.

Alistaafu mwaka 2013. Figo zilipoanza kumsumbua, mwaka 2021, binti yake alimsihi ahamie kwake. "Nimezoea ukimya, mwanangu," alisema. Alifariki hospitalini Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa muuguzi.

Ameacha binti mmoja, mkwe, wajukuu wawili, na mdogo wake, anayewasomea haya, aliyemwahidi kwa simu kila mwezi, "Dada, nakuja Jumapili," naye kila mara akajibiwa, "Njoo tu, nipo."

Mungu amjalie pumziko la amani.