Dagaa Hawataki Mwezi

Basi letu lilikuwa limeiacha Kibondo likielekea Kasulu. Mama mmoja mwenye duka la vitenge, Mwanaheri kwa jinsi alivyojitaja kwenye simu, alikuwa akipanga safari ya kukodi boti la uvuvi Kigoma, ziwa likishafunguliwa tena kwa uvuvi Agosti. Alipokata simu, jirani yake akamwuliza kwa upole kama nafasi bado ipo.

"Naitwa Nduwayezu, mama. Mimi mkulima wa Heru Juu."

"Ipo, baba. Tunakwenda usiku wa giza totoro."

"Hapana, mama. Twende mwezi ukiwa mpevu."

Mwanaheri akacheka mpaka ushungi ukateleza. "Dagaa wanafuata taa. Mwezi ukiwaka wanatawanyika, na wavuvi wenyewe wanalala majumbani. Utavua nini?"

Nduwayezu akatazama nje kama anayeona maji. Nami nikatazama. Ilikuwa mihogo tu.

"Nilivushwa ziwa hilo kutoka Burundi mgongoni mwa mama yangu, usiku wa giza kama huo wenu. Alinifunika kanga nisilie. Ziwa nimelisikia, sijaliona."

"Si ulione mchana!"

"La mchana ni la watu wote. Mimi nataka lilelile la usiku, ila safari hii nikiwa na macho."

"Wenzangu wanataka dagaa, baba."

Basi likaingia stendi ya Kasulu. Nduwayezu akainuka, akachukua kapu lake.

"Dagaa wangu mgawane, mama. Mimi samaki sili."