Moyo Mmoja Uliopigwa Picha Mara Mbili: Risala ya Familia za Mapacha kwa Mgeni Rasmi

Mgeni rasmi, uliyefika saa sita kwenye shughuli ya saa tatu. Waheshimiwa mlioongozana naye. Dokta Clement, mratibu wa mradi. Wataalamu wenye makoti meupe. Mapacha wote, Kulwa na Doto. Na sisi tuliowazaa au kuwaoa: kamwene kwa wa Iringa, ugonile kwa wa Mbeya.

UKARIBISHO

Sisi, familia za mapacha tulioandikishwa kwenye Mradi wa Mapacha na Moyo, tunakukaribisha hapa Igawa kwenye sherehe ya kuufunga mradi. Tuliambiwa Igawa imechaguliwa kwa sababu ni katikati ya Mbeya na Iringa. Wenzetu wa Ipogolo kule Iringa, waliosafiri karibu mara mbili ya njia yetu sisi wa Iyunga, Mbeya, wanaomba waonyeshwe rula iliyotumika. Lakini karibu. Wali wa hapa ni mtamu, utaula.

Risala hii nimeiandika mimi, Ambokile, niliyeishia darasa la saba, na wenzangu waliisikiliza jana wakaikubali. Kulikuwa na nyingine, iliyochapwa vizuri, ofisi ya mradi ilituletea juzi tukusomee kama yetu. Tuliipitia. Ina neno "tunashukuru" mara kumi na tisa. Tukaona tuwaachie wenyewe wajishukuru, wameizoea kazi hiyo.

Tusikuzungushe, mgeni rasmi. Ombi letu ni moja, limekaa mstari wa pili, limevaa kitenge cha kijani. Anaitwa Tupokigwe. Marehemu mke wangu, Tumpe, alikuwa pacha wake. Tunaomba moyo wa Tupokigwe upigwe picha leo, kabla gari lile jeupe halijarudi Dar na mashine yake. Yanayofuata yote ni kueleza kwa nini tunaomba kitu kidogo hivyo kwa mtu mkubwa hivyo.

HISTORIA

Miaka minne iliyopita walikuja vijana na vishikwambi wakiuliza nyumba zenye mapacha. Walieleza vizuri, haki yao tuwape. Walisema mapacha wa kufanana wana vinasaba vilevile, na wasiofanana wanachangia nusu tu, kama ndugu wengine wa tumbo moja. Ukiwapima wote presha na mioyo, ukaona wale wa kufanana wanakaribiana zaidi, unajua maradhi yanapita kwenye ukoo. Na kama mmoja anaishi Mbeya na mwenzake Iringa ndiyo utamu wenyewe, maana hawali chungu kimoja.

Tumpe na Tupokigwe walizaliwa Tukuyu, wakafanana mpaka mama yao aliwafunga uzi mkononi asije akamnyonyesha mmoja mara mbili. Tumpe nilimuoa mimi, tukakaa Iyunga, akikaanga maandazi. Tupokigwe aliolewa na Liberatus wa Ipogolo. Mama yao aliwapa majina, mradi ukawapa herufi. Wakaitwa Jozi Namba Kumi na Nne: Tumpe akawa A, Tupokigwe akawa B.

Raundi ya kwanza wote walitoa damu, na damu ikasema ni wa kufanana. Kwa hilo tu ilibidi waje na gari tatu. Wangemuuliza bibi yao.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, mradi una mafanikio mengi. Tulipewa fulana zenye mchoro wa moyo. Mioyo yote ilichujuka kwenye maji ya kwanza.

Fanikio kubwa ni hilo bango nyuma ya kiti chako. Usigeuke, utaumia shingo, nitakueleza. Kila nukta ni jozi moja, na ikikaa karibu na mstari maana yake pacha mmoja ni sawa na mwenzake. Nukta iliyokaa juu kabisa, kwenye mstari wenyewe kama imepigiliwa msumari, ni namba kumi na nne. Dokta Clement ameisafirisha Ulaya mara mbili. Mwenyewe aliniambia, "Mzee, hii ndiyo jozi yangu nzuri kuliko zote. Mioyo miwili, kilomita zaidi ya mia tatu, lakini kama fotokopi!"

Dokta, ni fotokopi kweli. Leo tunakuambia mbele ya wakubwa zako, kwa kuwa tulipokuambia ofisini hukutaka kusikia.

Raundi ya pili mapacha wote waliitwa Mbeya siku moja kupigwa picha ya moyo. Kanuni ilikuwa ngumu kama jiwe: pacha mmoja asipofika, jozi nzima inafutwa. Wiki hiyohiyo Tupokigwe alifiwa na mama mkwe wake Ipogolo. Mwanamke aliyeolewa anaachaje matanga ya mama mkwe, aende kupigwa picha? Wangemsema mpaka leo. Akapiga simu, "Dada, nitafutwa." Tumpe akamjibu, "Nani akufute? Tangu lini mimi na wewe tukawa wawili?"

Wale wawili ndivyo walivyokuwa. Mmoja akiumwa tumbo, mwenzake anakunywa dawa. Utotoni mmoja alichapwa fimbo za wote wawili, na mwalimu akaridhika.

Basi Tumpe akaingia asubuhi kama A, na kitenge cha bluu. Akatoka, akanywa chai, akaingia tena kama B, na kitenge cha njano. Kitenge cha njano nilikibeba mimi kwenye mfuko. Yule kijana wa mashine akamshika mkono, akaliona kovu.

"Mama, na wewe uliungua mafuta ya maandazi?"

"Ndiyo, baba."

"Mkono huohuo?"

"Si tumekwambia sisi mapacha?"

Kijana akacheka akamwita mwenzake, "Njoo uone, hawa wanafanana hadi makovu!" Wakaandika. Watu wa digrii tatu tatu, mgeni rasmi, walipewa mwanamke mmoja mara mbili siku moja wakasema sayansi hiyo. Yule mwalimu wa Tukuyu, aliyemchapa mmoja fimbo za wawili, alikuwa na darasa la saba kama mimi. Anastahili kupewa mradi.

Tulidanganya. Tunakiri, na hatukulazimishwa na mtu. Tuliogopa kufutwa kwa sababu vijana walisema aliyemo kwenye mradi atafuatiliwa na madaktari wa moyo. Tuliwaamini. Huo ndio ujinga wetu wa pili, na ndio mkubwa.

CHANGAMOTO

Siku ile Tumpe aliuliza, mara mbili, kwa kitenge cha bluu na kwa kitenge cha njano, "Jamani, moyo wangu ukoje?" Mara mbili akajibiwa, "Sisi tunapima tu, mama, hatutibu. Majibu yatatoka." Kulikuwa na nesi mmoja, Esnath, Mungu ambariki popote alipo. Aliangalia skrini, akasema, "Mama, punguza chumvi, halafu usichelewe kwenda hospi..." Mkubwa wake akamkatiza, "Esnath! Ukimwambia atabadili anavyoishi, utatuharibia utafiti."

Basi hakubadili anavyoishi. Utafiti haukuharibika. Miezi sita baadaye alianguka kwa kiharusi jikoni, mafuta yakiwa motoni, na siku ya tatu nikamzika. Mradi ulituma mtu na kishikwambi kujaza fomu. Aliuliza kama marehemu alikuwa anavuta sigara. Halafu akasema jozi imevunjika, pacha mmoja hana kazi kwenye hesabu, akamfuta na Tupokigwe kwenye orodha ya kufuatiliwa; picha wakabaki nazo.

Mwaka huu Tupokigwe ameanza kuvimba miguu. Akipanda kilima cha kwenda kanisani anakaa mara tatu. Hospitali walimpima presha, wakaikuta juu sana, wakataka picha ya moyo. Wakaona kwenye kadi yake kwamba alikuwa kwenye mradi, wakaiomba huko, ikaletwa siku hiyohiyo. Ajabu, mgeni rasmi! Mtu mzima anasubiri majibu mpaka anakufa, lakini ofisi ikiomba kwa ofisi, siku hiyohiyo.

Daktari akamsomea: moyo una kuta nene, presha mia na tisini. Akamuonyesha na tarehe. Tupokigwe akaiangalia ile tarehe. Ilikuwa siku aliyokuwa Ipogolo kwenye matanga ya mama mkwe wake.

Akanipigia. Hakulia. Alisema tu, "Shemeji, wamenisomea moyo wa dada."

Ndivyo tulivyojua kwamba ugonjwa wa Tumpe ulikuwa unajulikana. Wamemuona mara mbili kwa siku moja, wakanyamaza mara mbili. Na huyu aliyebaki anapewa dawa kwa picha ya moyo uliolala makaburini Iyunga. Labda wa kwake una nafuu, labda ni mbaya zaidi. Vinasaba ni vilevile, lakini mmoja amekaanga maandazi miaka ishirini, mwingine amelima nyanya. Si ndicho mlichokuja kutafuta?

Nilikwenda kwa Dokta Clement, nikavua kofia, nikamwambia 14B si Tupokigwe. Alinisikiliza kidogo, akafunga mlango.

"Mzee, umemwambia nani?"

"Nakuambia wewe."

"Data zimeshafungwa."

"Basi mpige picha upya, dokta. Mashine si hiyo hapo?"

"Nikimpiga upya zitakuwa picha mbili tofauti za mtu mmoja. Nitasemaje kule Ulaya?"

Hilo swali awaulize waliofika, mgeni rasmi. Mimi Ulaya sijafika. Ninachojua ni hiki: bango linasema karibu nusu ya presha ni ya kurithi, na nusu iliyobaki ni chumvi, mafuta na mawazo. Kwa hiyo nusu wamelaumiwa babu zetu, nusu tumelaumiwa sisi. Tumeitafuta nusu ya wakubwa kwenye bango zima, hatukuiona.

MAOMBI

Tuliambiwa tuombe jengo, au angalau mabati, kwa kuwa mgeni rasmi hupenda kuahidi kitu kinachoonekana. Hatutaki mabati.

Tunaomba jozi namba kumi na nne ifutwe kwenye bango leo, na hospitali iandikiwe barua kwamba picha ile ni ya Tumpe. Tunaomba kila pacha aliyekaa hapa aambiwe majibu yake kabla hajapanda gari, hata kama yataharibu utafiti. Kama kuna kesi ya kudanganya, nifungulieni mimi. Aliyebeba kitenge ni mimi.

Na la kwanza kuliko yote tumeshalisema. Mashine iko kwenye gari hatua thelathini kutoka hapa, na dereva ameniambia umeme upo. Picha yenyewe inachukua muda mfupi kuliko risala hii. Wali utasubiri.

Shemeji Tupokigwe, simama. Nenda kwenye gari. Nenda wewe mwenyewe, hakuna tena wa kukuendea.

Mgeni rasmi, Mungu akulindie moyo wako. Na siku utakapoanza kuchoka, akupe mtu wa kukuambia siku hiyohiyo.

Ni sisi,
Familia za Mapacha wa Iyunga na Ipogolo, pamoja na waliobaki mmoja mmoja.
Imesomwa na Ambokile, mume wa marehemu Tumpe.