Sukari ya Mjukuu

Basi la kutoka Meru liliteremka kuelekea Isiolo nyuma ya gari la askari lililolisindikiza kwa hofu ya waasi wa shifta. Bibi Kinya alipakata kikapu chenye sukari ya kumlambisha mjukuu wake atakayezaliwa wiki hiyo, kama alivyowalambisha wanawe wote. Mbele yake Sirad, mama wa Kisomali, alikuwa akimsimulia Kithinji, mwuza miraa, jinsi binti yake alivyojifungua.

"Mkunga alimlaza mtoto kifuani kwa mamake, akakaa chini, akangoja. Mara askari wakaingia kutafuta shifta. Akawaambia, 'Ngojeni mlangoni, huyu bado hajapata titi.'"

"Wakangoja?"

"Wallahi, na bunduki zao! Mtoto akalitafuta polepole, mwenyewe, akanyonya."

Kithinji akacheka. "Yale maziwa ya kwanza, ya njano? Hayo ni uchafu, mama. Kwetu mtoto huanza na maji ya sukari."

"Na ndama wenu, pia mnampa sukari?"

Kithinji akasahau kutafuna miraa iliyokuwa shavuni. Kinya akamkumbuka mwanawe wa tatu, aliyelamba sukari kisha akakataa titi siku nne, akabaki mifupa mitupu. Siku zile hakuna mtu aliyekaa chini kungoja naye.

"Ndama si mtu," Kithinji alisema, akitafuna tena.

"Ndiyo maana anatunzwa vizuri!"

Basi likasimama kwenye kizuizi. Askari akapanda, akafunua kikapu cha Kinya.

"Sukari yote hii unampelekea nani, nyanya?"

"Mkunga wa mjukuu wangu," Kinya akajibu. "Ni ya chai yake, akikaa chini kungoja."