Sharubu za Kinyozi na Mlima wa Mwisho

Benchi lilikuwa limeegemea ukuta wa duka la kinyozi, na mke wa fundi cherehani alikuwa ameweka jiko lake la kahawa pembeni, karibu kiasi cha kusikia kila upuuzi wa wanakijiwe waliokaa hapo. Siku hiyo hakuwa na nguvu hata za kununa. Mumewe, mtu mzima na miwani yake, alikuwa huko milimani na baiskeli, safari ndefu aliyoianza kwa sababu kijiwe kilimwambia hawezi. Kinyozi aliapa mbele ya watu kwamba fundi akiuvuka mlima wa mwisho, yeye atanyoa sharubu zake. Sasa asubuhi hiyo fundi alimpigia mkewe simu kutoka kibanda cha wachungaji, chini ya mlima huohuo. Magoti yamegoma, kifua kinabana, baridi haimpi usingizi. Basi la kurudi lipo. “Lakini nikirudi na basi, wale watanimaliza,” alisema. “Kesho napanda. Usiwaambie.” Naye, kwa kuchoka tu, akakubali.

— Kimya hiki cha fundi si bure, alisema Betri, fundi redio. Kule juu hewa ni nyepesi. Kichwa kinakuwa kama redio isiyoshika stesheni. Mtu anaendesha huku anaongea na mawe.

— Mawe yatamvumilia, alisema Kinyozi. Sisi tumemvumilia miaka.

— Hakuna cha mlima wala nini, alisema Refa, mzee aliyezoea kuamua mabishano yote, hata yasiyomhusu. Ile picha aliyotuma hamkuiona? Suruali ina mstari wa pasi!

— Si fundi cherehani yule? aliuliza Betri.

— Yuko gesti bondeni, alisema Refa. Baiskeli iko uani, na kuna bibie anamkanda miguu. Samahani, shemeji.

— Kama anakanda vizuri, niletee namba yake, alisema mwenye kahawa. Miguu yangu inawaka moto tangu alfajiri.

Wakacheka. Yeye hakucheka.

— Mimi nasema anavutwa na lori, alisema Betri. Unafungwa kamba nyuma, unafumba macho, ukifika juu unapigwa picha.

— Lori gani litapita kule? Punda hao! alisema Kinyozi. Wawili. Mmoja kambeba yeye, mwingine baiskeli.

— Na huyo wa pili ndiye aliyepiga picha, Refa akakata shauri.

Hapo akatokea mpiga rangi na ndoo yake, amekuja kuupaka ukuta. Akaomba kahawa kwanza, akataka kukaa mwisho wa benchi.

— Hapo pana mwenyewe, walisema wote.

— Yuko wapi?

— Mlimani, na baiskeli. Tulimwambia hawezi.

Mpiga rangi akapuliza kahawa yake akiwa amesimama.

— Sasa akichoka akarudi na basi, mtamwambiaje?

Betri akachungulia ndani ya kikombe. Kinyozi akashika sharubu. Refa akautazama ukuta kana kwamba ataupaka yeye.

Mke wa fundi alihisi hasira na huruma vinampanda kwa pamoja. Alikuwa ameahidi, ndiyo, lakini kifua kinachobana ni cha mume wake.

— Magoti yake yamekwisha, aliwaambia. Anakohoa. Basi lipo, ila anawaogopa nyinyi kuliko mlima.

Akapiga simu, akaiweka sauti ya juu.

— Mume wangu, wako hapa wote. Nimewaambia.

— Umewaambia! Sauti ilikuja na upepo na kikohozi. Haya, wanasemaje?

— Hawasemi kitu.

— Kijiwe hakisemi kitu? Kuna msiba?

Kinyozi akainama mpaka mdomo ukakaribia simu.

— Panda basi, ndugu yangu. Sharubu nazinyoa leo hii.

Upande wa pili fundi akapenga kamasi.

— Baiskeli wataiweka juu ya basi. Itachubuka.

— Waiweke wanapotaka, alisema mkewe. Wewe kaa ndani, ujifunike.